Kwani Biblia Imeisha?



Jumapili mbili zilizopita nilikuwa madhabahuni nikihubiri juu ya wazazi na watoto, na katikati ya mahubiri nikamtaja Shaaban Robert. Sikusema mengi. Nilisema tu kwamba mtu huyu alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka wa 1909, akawa karani wa serikali ya wakoloni, akahamishwa huku na huku, akafiwa na mke wake Amina. Tena nikasema alimwandikia binti yake utenzi wa mawaidha, na mwanawe wa kiume utenzi mwingine, ili siku baba hayupo wawe na cha kushika. Nikawauliza wazazi wetu: wewe utamwachia mtoto wako nini zaidi ya mistari ya majani chai na deni la mbolea? Watu wakasema amina. Nikaridhika na nafsi yangu.

Ibada ilipoisha, mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono pale langoni, na hakuuachilia.

"Pasta, kwani Biblia imeisha?"

"Haijaisha, mzee."

"Basi huyo Mwislamu wa Tanga ametoka wapi?"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu najua jarida hili analisoma lote, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya matanga. Mzee, hili ni lako. Lakini nakuonya mapema kwamba nilipokaa chini kulitafuta jibu, halikuja vile nilivyolitarajia.

Nianze na sehemu iliyo rahisi. Fungua Matendo 17. Paulo yuko Athene, mji umejaa sanamu, roho yake inamchoma. Amesimama Areopago mbele ya watu wasomi ambao hawana hata gombo moja la Musa nyumbani. Anawahubiri Mungu aliyeumba mbingu na nchi, na akifika mstari wa 28 anawataja washairi wao wenyewe, anachukua maneno yao kuwafundisha kwamba sisi wanadamu tumetoka kwa Mungu. Wasomaji wa Biblia wameutafuta mstari huo wakaupata kwa Arato, mshairi aliyetoka Kilikia, upande ule ule ambako Paulo alizaliwa. Na Arato alipoandika shairi lake hakuwa anamsifu Mungu wa Ibrahimu, alikuwa anamsifu Zeu. Paulo alijua. Alilichukua hivyo hivyo.

Wala si mara moja. Kwa Tito, sura ya kwanza, anamnukuu mtu wa Krete juu ya tabia za Wakrete. Katika 1 Wakorintho 15:33 kuna lile onyo juu ya marafiki wabaya, ambalo vijana wetu hulikariri kwenye kambi wakidhani ni la Paulo, kumbe linajulikana lilikuwa katika mchezo wa kuigiza wa Menanda, mtunzi wa vichekesho wa Kiyunani. Hebu fikiria. Mstari wa vichekesho, na leo tunausoma kanisani tukiwa tumesimama.

Tena ukienda Mithali, sura ya 31 ambayo kina mama wanaisomewa kila Siku ya Mama Duniani, mwanzo wake unasema ni maneno ya mfalme Lemueli aliyofundishwa na mama yake. Sulemani hakuyaandika. Ni mama wa mtu fulani, hata jina lake hatukupewa. Na sura ya 30 ni ya Aguri, ambaye anaanza kwa kukiri kuwa hana akili, halafu anataja mambo manne yanayomshinda kuelewa. La nne ni jinsi mwanamume na msichana wanavyoendeana. Mimi huyo Aguri nampenda. Ndiye mtaalamu wa mapenzi aliyesema wazi kwamba somo limemshinda.

Kwa hivyo mzee, kama ni ruhusa, ruhusa iko. Ningeweza kuishia hapo, nikashinda kesi, tukaendelea na chai. Lakini ni jambo lililotokea nyumbani kwangu mwaka jana lililonifanya nisilale vizuri juu ya swali lako.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu nikisomea biashara, nilikuwa nimempenda msichana aliyekuwa chuo cha ualimu. Nilimwandikia barua ya kurasa tatu. Barua ya karatasi, si ujumbe wa simu. Katika ukurasa wa pili kulikuwa na aya moja juu ya kungoja, juu ya mwanamume ambaye hataondoka mahali mpendwa wake alipo hata mvua inyeshe namna gani. Aya hiyo ilifanya kazi. Msichana yule ndiye mama wa watoto wangu watatu, na barua ile aliitunza ndani ya bahasha, kwenye sanduku la vyeti.

Mwaka jana mpwa wake, aliye kidato cha tatu, alikuwa kwetu likizo. Akafungua katoni ya vitabu vyangu vya zamani, akatoa riwaya moja ya Kiswahili. Kitabu sitakitaja, hakina makosa. Akaketi mezani akaanza kusoma kwa sauti zile sehemu nilizokuwa nimezipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mke wangu alikuwa jikoni anapika kimyet. Akatokea mlangoni, mwiko mkononi.

"Rudia hapo."

Msichana akarudia.

"Geuza nione jalada."

Akageuza. Mke wangu akasoma jina la kitabu, akarudi kwenye sufuria yake. Siku mbili hakusema kitu. Chakula nilipewa, chai nilipewa, mashati yalipigwa pasi. Wanaume walio kwenye ndoa wanajua kimya cha namna hiyo. Siku ya tatu, watoto wakiwa wamelala, akaniuliza swali moja.

"Ile barua ilikuwa inanisema mimi, au ilikuwa inamsema yule msichana wa kitabuni?"

Nikamwambia nilikuwa nimemaanisha kila neno. Akasema, "Ulimaanisha. Lakini hukuandika."

Halafu akanikumbusha, bila kupandisha sauti, kwamba mtoto wetu wa pili alipozaliwa mimi nilikuwa Nakuru kwenye semina ya uongozi. Nilirudi siku ya tatu, na shada la maua. Mvua ilikuwa inanyesha kweli wiki hiyo, na aliyengoja ni yeye.

Wapendwa, nilisomea biashara, kwa hivyo akili yangu hukimbilia hesabu. Hundi ni karatasi tu. Kinachoifanya iwe pesa ni kilicho kwenye akaunti ya aliyetia sahihi. Mimi nilikuwa nimetoa hundi kutoka kitabu cha mtu mwingine, nikaweka sahihi yangu, nikampa msichana wa watu ambaye aliiamini miaka kumi na tatu bila kwenda benki.

Na tazama tofauti yangu na Paulo. Pale Areopago Paulo hakujifanya. Aliwaambia wazi ni washairi wao waliosema. Alimtaja mwenyewe, ingawa hakumtaja kwa jina, ndipo akajenga yake juu ya hapo. Mimi nilimficha mwenyewe. Kama ningeandika tu, "kuna kitabu nimesoma, nikafika mahali nikakukumbuka wewe," barua ingekuwa ya kweli, na pengine ingefanya kazi vilevile. Hilo nimelifikiria sana. Sikuhitaji kuiba.

Baada ya mazungumzo hayo nilikichukua kile kitabu nikakisoma upya chote, kwa adhabu. Sura nne baada ya ile aya yangu nyekundu, mwanamume anayesema maneno yale matamu anamwacha msichana. Anaondoka kabisa. Nilikisoma shuleni, nikakifanyia mtihani, na sikukumbuka hilo hata kidogo. Nilikuwa nimekumbuka maneno nikamsahau msemaji.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba ugonjwa huu si wa riwaya peke yake. Shakespeare, ambaye Mwalimu Nyerere alizitafsiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili, ana shauri moja mashuhuri ambalo utalikuta kwenye vikombe vya chai na kadi za mahafali, la baba anayemwambia kijana wake awe mkweli kwa nafsi yake. Maneno mazuri. Anayeyasema katika mchezo wa Hamlet ni Polonio, mzee wa ikulu mwenye maneno mengi, ambaye baadaye anamtuma mtu kwenda kumpeleleza kijana huyo huyo, na mwisho anauawa akiwa amejificha nyuma ya pazia akisikiliza mazungumzo ya wengine. Shakespeare alijua anachofanya. Sisi ndio tuliochukua neno tukamwacha Polonio pale sakafuni.

Lakini hiyo ni fasihi, mtaniambia. Twende basi kwenye Biblia, kwa sababu mzee aliuliza kama imeisha.

Ayubu 8:7. Ni nani hapa hajui mstari huo? Ni ule wa mwanzo mdogo na mwisho mkubwa. Uko kwenye kalenda, uko juu ya milango ya maduka, uko nyuma ya matatu za Kericho kwenda Bomet. Mimi mwenyewe nimeuombea kinyozi, duka la dawa ya mifugo na chama cha kina mama, wakati wa kufungua biashara zao. Bonasi ikilipwa na mtu akanunua ng'ombe wa gredi, tunamtamkia Ayubu 8:7.

Basi kuna nyumba moja nilikwenda kukaa na wafiwa, si mbali na kiwanda cha majani chai. Kijana wao alikuwa amefariki barabarani, hakuwa amemaliza shule. Nilifika mapema, sebule ilikuwa bado tupu, nikakaa kwenye kiti kilichotazama ukuta. Ukutani kulikuwa na kalenda, na kwenye kalenda mstari ule. Sikuwa na la kufanya, nikafungua Biblia kuusoma kuanzia juu.

Anayezungumza ni Bildadi, rafiki wa Ayubu. Mtu anayezungumziwa amezika watoto kumi. Na mistari mitatu tu kabla ya ule wa kwenye kalenda, mstari wa 4, Bildadi anamwambia baba huyo kwamba kama watoto wake walimkosea Mungu, basi wamepata malipo ya makosa yao. Halafu ndipo anakuja na habari ya mwisho mkubwa. Yaani, jirekebishe wewe, usiwe kama watoto wako, utafanikiwa. Na ukienda mwisho wa kitabu, 42:7, Mungu anasema amewakasirikia hao marafiki kwa kuwa hawakunena sawasawa juu yake.

Nilifunga Biblia. Mama mwenye nyumba akaingia na thermosi ya chai, akaketi chini ya ile kalenda. Mahubiri niliyokuwa nimeandaa niliyaacha mfukoni. Tulikunywa chai. Baada ya muda akaanza kunieleza jinsi kijana alivyokuwa anapenda kulala mpaka saa tatu Jumamosi, na jinsi alivyokuwa akimgombeza. Nilimsikiliza.

Sisemi ule mstari ni haramu. Ayubu kweli alipata mwisho mkubwa, Mungu ni mwema kuliko Bildadi. Ninasema tu kwamba tangu siku hiyo sijauweka mdomoni bila kumwona anayeusema na anayeambiwa. Na wako wengine wa namna hiyo. Ile baraka ya Mispa katika Mwanzo 31, ambayo wapenzi hutumiana wakiwa mbali, ya Bwana awe mlinzi kati yao, ilisemwa na Labani kwa Yakobo, wakwe wawili waliolaghaiana miaka ishirini na sasa kila mmoja anaogopa kumpa mwenzake kisogo. Yale maneno ya Ruthu ya kwenda popote aendapo mwenzake, tunayoyasoma kwenye harusi, Ruthu alimwambia mama mkwe wake. (Bibi harusi wachache sana wangekubali kuyasoma kama mama mkwe angesimama mbele yao badala ya bwana harusi.) Hata 1 Wakorintho 13 haikuandikiwa watu waliovaa pete. Iliandikiwa kanisa lililokuwa linagombana mpaka mezani pa Bwana. Mimi naona ukilijua hilo sura inakuwa kubwa zaidi, maana upendo ule uliagizwa kwa watu ambao hawakuwa hata wanataka kuonana.

Sasa mnaona nilipofika. Mzee aliogopa kwamba neno la nje litaharibu la ndani. Mimi nimekuja kuogopa kwamba mtu anaweza kuchukua hata neno la ndani na kulifanya pambo.

Juni 30, 2023, mtakumbuka, ile Ijumaa jioni lori lilipowavamia watu na magari pale Londiani Junction, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Usiku ule ule simu zilijaa. Mishumaa, maua, semi za wanafalsafa, mistari ya Zaburi iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu. Hata mimi niliweka yangu kwenye stetasi kabla sijaulizia kama kuna mtu ninayemjua. Sijui ilimsaidia nani. Iliniondolea mimi mzigo wa kutojua la kusema, nadhani, na hilo si dhambi kubwa, lakini pia siliiti faraja.

Katika darasa la ndoa la mwaka huu niliwapa vijana kazi. Kila mwanamume amwandikie mchumba wake barua ya ukurasa mmoja. Zilipokuja, mbili zilifanana aya nzima, na wenye barua hawajuani, mmoja anatoka Kapkatet na mwingine Sotik. Nilipouliza, walikiri kwamba siku hizi hata kutafuta hawatafuti, wanaiambia simu iwaandikie. Wasichana wakacheka, ila mmoja. Huyo aliuliza, "Pasta, sasa mimi naolewa na nani?" Nilitaka kumkemea kijana wake. Nikaikumbuka kalamu nyekundu, nikanyamaza.

Katika darasa hilo hilo kuna kijana aliyeupenda sana Utendi wa Mwana Kupona, ambao alifundishwa shuleni, kwa sababu unamfundisha mke kumtunza mume. Alitaka tuusome siku ya koito yake. Nikamwuliza kama anajua ni nani aliyeuandika. Hakujua. Ni mama wa Kiswahili wa pwani ya kaskazini huko Pate, mjane wa sheikh wa Siyu. Aliuandika mwaka wa 1858 akiwa mgonjwa, akimwita binti yake aje akae karibu, na baada ya miaka kama miwili akafariki. Ni wasia wa mama anayekufa. Mama akimwambia binti yake hivyo, anamkinga na dunia anayoijua. Mume akichukua maneno hayo hayo akamwambia mke wake, amejitungia sheria. Kijana alifikiri kidogo akasema, "Basi mama yake ausome." Sikuwa na jibu. Pengine ana haki.

Mzee wangu, nimejaribu kukujibu. Shaaban Robert nitamtaja tena, Mungu akinipa uzima, na nitasema ni yeye, na kwamba alikuwa Mwislamu, na kwamba nimejifunza kitu kwake juu ya kuwa baba. Lakini ulipouliza kama Biblia imeisha, nilipaswa kukuambia kwamba mimi ndiye sijaimaliza. Nilikuwa nimehubiri Ayubu 8:7 miaka saba kabla ya kusoma Ayubu 8:4.

Kuhusu nyumbani. Mke wangu hakuichoma ile barua, bado iko kwenye sanduku la vyeti. Nilimwahidi nyingine, na imenichukua muda mrefu kuliko mahubiri yoyote. Kila nikianza, kalamu inakimbilia maneno niliyoyasikia mahali. Wiki iliyopita niliandika mistari sita nyuma ya bahasha ya sadaka. Niliandika kwamba siku ile Nakuru simu yake iliita saa tano usiku, na niliiona, na nikasema moyoni nitapiga asubuhi kwa sababu mgeni wa semina alikuwa bado anazungumza. Hilo sikuwahi kumwambia. Niliandika pia kwamba anapopita kwenye majani chai asubuhi na umande, huwa anashika sketi yake kwa mkono wa kushoto, na kwamba mimi humtazama kutoka dirisha la choo.

Alisoma akiwa amesimama. Akaniambia haikuwa saa tano, ilikuwa saa nne na nusu. Akachukua kalamu kutoka mfukoni mwangu akasahihisha, kisha akaenda kutafuta ule ufunguo wa sanduku.